Aliyelipa Ada na Aliyefungua Moyo

Aingiapo mtu katika chumba cha mshauri nasaha mjini Eldoret, iwe ni katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi au katika afisi ndogo ya orofani karibu na Barabara ya Uganda, aghalabu huwa amekwisha kujua ada ya kikao na jina la aliyemwelekeza, ila hajui, wala hajathubutu kuuliza, ni nani mwingine atakayeyapata yale atakayoyasema humo ndani.

Swali hilo lina uzito hapa kwetu, kwa kuwa alipaye mara nyingi siye afunguaye moyo. Mwanariadha huletwa na wakala wake, mwanafunzi na chuo, karani na mwajiri, na wazazi wanaogombea malezi ya mtoto huweza kuelekezwa na mahakama. Si aibu kulipiwa. Kilicho kibaya ni mtu kudhani yuko kwa tabibu wake ilhali yuko mbele ya shahidi. Mtaalamu mwaminifu hubainisha jambo hilo kabla ya swali la kwanza: nani ameagiza taarifa, itaandikwa nini, itakabidhiwa kwa nani; kisha ndipo huomba ridhaa, maana ridhaa iliyotolewa kabla ya maelezo si ridhaa, hata ikitiwa sahihi.

Wala kumwomba leseni si utovu wa adabu, ijapokuwa malezi yetu hutufanya tuone haya kumhoji mwenye cheti ukutani. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya kuwasajili watu wa kazi hiyo, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujiita kwa jina hilo na kutoza watu.

Katika upimaji wa nafsi hadhari huzidi, kwani tarakimu zina haiba ya kunyamazisha watu. Jaribio mashuhuri la Minnesota, lililochapishwa mwaka 1943 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lilipata vigezo vyake vya awali kwa watu, wengi wao Wazungu, waliokuja kuwazuru wagonjwa katika hospitali za chuo kikuu cha jimbo hilo la Marekani. Mkimbiaji aliyelelewa Marakwet, akiulizwa kwa Kiingereza cha shuleni, ana haki ya kujua analinganishwa na nani, na kueleza kwamba swali fulani hakulifahamu. Ana haki vilevile ya kusomewa matokeo kwa lugha anayoielewa. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ihesabuyo habari za afya kuwa nyeti, inamruhusu kudai kuziona habari zake na kusahihishiwa zilizo na kosa, ujapokuwa mfuko uliolipa ni wa kampuni.

Siri, hata hivyo, ina mpaka, na mpaka huo ndio uliowahi kuwatia watu khofu kuliko yote. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, astahiliye kifungo cha hadi miaka 2, hata mteja akalimeza neno lile lile ambalo mshauri alihitaji mno kulisikia, asije akatoka kitini akaingia korokoroni. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Nadhani hukumu hiyo imewafaa wateja kuliko matangazo mengi ya afya ya akili tuliyoyasikia redioni. Lakini wajibu wa kuokoa maisha haukuondoka: mshauri akiona hatari ya kweli ataweza kumwita jamaa au daktari. Hilo lapasa kusemwa siku ya kwanza, mapema, mteja angali na utulivu wa kuchagua ni jamaa yupi angependa aitwe, na yupi asiambiwe kamwe.