Laivu Iliyopoa ya Megadeth

Kama mwenzako ni mgonjwa wa roki nzito, umeshagundua kuwa kwake albamu ya laivu si albamu tu, ni ushahidi. Studioni mtu anarudia hata mara hamsini mpaka apatie. Jukwaani hakuna cha kurudia. Na kwenye thrash metal, ile roki ya magitaa yanayokimbia kama yanafukuzwa na polisi, laivu ndiyo inayoonyesha nani kidume na nani anabebwa na fundi mitambo. Ndiyo maana mashabiki wa Megadeth waliisubiri laivu yao ya kwanza kwa hamu ya karibu miaka 20.

Dave Mustaine aliianzisha bendi hiyo Los Angeles mwaka 1983, baada ya kutimuliwa Metallica. Kikosi kilichowateka watu kilidumu 1990 hadi 1998: yeye, David Ellefson kwenye besi, Marty Friedman kwenye gitaa la solo na Nick Menza kwenye drams. Hao ndio waliopiga Rust in Peace. Cha ajabu, walipokuwa pamoja hawakutoa hata albamu moja kamili ya laivu. Ni kama wanandoa waliopendeza miaka yote, halafu wanakumbuka kwenda kupiga picha siku mmoja keshahamisha nguo zake.

Kwa hiyo Rude Awakening ilipotoka Machi 2002, Menza na Friedman walishaondoka. Nafasi zao walikuwa nazo Jimmy DeGrasso na Al Pitrelli, jamaa wanaojua kazi, tusiwaonee. Mpango ulikuwa kurekodi Buenos Aires, Argentina, ambako mashabiki wa bendi hii ni vichaa kwelikweli. Yakatokea mashambulizi ya Septemba 11, 2001, safari ikafutwa, shoo ikahamishiwa Arizona, Marekani, Novemba mwaka huohuo.

Nyimbo 24, diski mbili, hapo hujapunjwa. Kila gitaa linasikika. Lakini watu wanashangilia kwa mbali, kama mpira unaochezwa mtaa wa pili, na sauti ya Mustaine imechoka. Tornado of Souls ni wimbo wa mtu anayechomoka kwenye mapenzi yaliyomchosha, na solo yake aliitunga Friedman. Pitrelli anaipiga vizuri tu, ila kama mtu anayesoma barua ya mapenzi iliyoandikwa na mwingine.

Sasa sikia balaa. Januari 2002, albamu haijatoka, Mustaine alipitiwa na usingizi kitini, mkono wa kushoto ukining'inia nyuma ya kiti. Neva ikabanwa, mkono ukapooza. Na huo ndio mkono wake wa kubonyeza nyuzi! Aprili, wiki chache tu baada ya albamu kuingia madukani, akatangaza kuwa bendi imekufa. Shoo iliyopoa ikageuka wosia, na shabiki aliyekuwa analalamikia pesa yake akaanza kuisikiliza upya, maana pengine asingepata nyingine.

Mazoezi ya mkono yalimchukua muda mrefu. Mwaka 2004 Mustaine akarudi na albamu mpya, bila Ellefson, ambaye mwaka huohuo walifikishana mahakamani. Oktoba 2005 akatua Buenos Aires kurekodi laivu, That One Night, iliyotoka 2007. Kwenye kikosi cha dhahabu alibaki yeye peke yake, na bado kitu kinachemka! Kwenye Symphony of Destruction umati unaimba jina la bendi juu ya gitaa, mwanzo mwisho, mpaka unasahau kumtafuta Friedman. Kumbe lawama nyingi alizobebeshwa Pitrelli zilikuwa za ukumbi.

Ukitaka kumnunulia zawadi mwenzako, mpe hiyo ya Argentina. Rude Awakening anayo tayari, na haisikilizi.