Beni–Kasindi: Remorki ikipasua mpira mara tatu mahali pamoja, usiulaumu mpira

Mlio wa kwanza ulitukuta muda mfupi baada ya kutoka Kasindi. Wa pili ulitukuta katikati ya pori la Virunga, mbali na nyumba za watu. Wa tatu ulitukuta giza limeanza kuingia, tulipokuwa tumeanza tu kuona moshi wa majiko ya jioni kando ya barabara.

Nilikuwa nimeomba nafasi ndani ya lori lililobeba saruji kutoka Uganda kuelekea Butembo. Nyuma yetu kulikuwa remorki ya esiyo tatu, mipira kumi na miwili. Mara zote tatu mpira ulipasuka mahali pamoja: upande wa kushoto, esiyo ya katikati.

Kwa wakaaji wa eneo la Beni, mlio kama huo si jambo dogo. Barabara ya kitaifa namba 4 imekwisha kuona mashambulizi ya waasi wa ADF, na sikio la mtu wa hapa halichelewi kufikiria mabaya. Mpira wa pili ulipopasuka, mwendesha piki-piki aliyekuwa anatufuata aligeuza na kurudi alikotoka bila kuuliza kitu. Sisi hatukuwa na pa kurudi. Lori lenye mzigo likisimama porini, watu wake wanasimama nalo.

Dereva alikuwa na mpira mmoja tu wa akiba, na ndio huo uliopasuka mara ya pili. Akaamua jambo ambalo madereva wengi wanafanya: alitoa vipande vilivyobaki, akaendelea na mguu mmoja ule uliokuwa ndani, polepole, ili tusilale porini. Mguu huo nao ukapasuka. Wakati huo dereva na konvoyeri wake walikuwa wamekwisha kupata mkosaji: mipira ya okazyo ya siku hizi haina nguvu, na barabara ni mbaya.

Kwado aliyeletwa kwa piki-piki alikuwa mzee. Hakuangalia mpira kwanza. Aliuliza ni gurudumu gani lililopasuka mara ya kwanza, ni lipi mara ya pili. Alipojibiwa kwamba ni lile lile, alichukua kikopo cha maji akamwaga kidogo kwenye janti. Maji yalichemka na kutoa mvuke. Akamwaga kwenye janti ya gurudumu la nyuma yake: maji yalitiririka tu. Freni ya gurudumu lile ilikuwa imekamata na hairudi. Tangu Kasindi tulikuwa tunakokota gurudumu lenye freni iliyobana, na joto lake lilikuwa linapika mipira mmoja baada ya mwingine.

Adui ni joto

Mpira mmoja ukipasuka, unaweza kusema ni bahati mbaya: msumari, jiwe kali, shimo. Lakini ukipasuka tena na tena, hasa mahali pamoja, kuna sababu, na sababu hiyo karibu kila mara inapitia kwenye joto.

Mpira wa lori ni raba iliyoshikamana na nyuzi za chuma. Kila unapozunguka, ubavu wake unajikunja chini ya mzigo na kujinyoosha tena. Kujikunja huko kunaleta joto. Kama upepo ni wa kutosha na mzigo ni wa kadiri, joto linatoka polepole bila kudhuru. Kama upepo umepungua, ubavu unajikunja zaidi. Raba inaanza kuachana na nyuzi za chuma ndani kwa ndani, bila mtu kuona kitu. Kilometa kumi baadaye, au kesho yake, unasikia mlio.

Freni iliyokamata inaleta joto kutoka upande mwingine: inachoma janti, na janti inachoma mdomo wa mpira pale unapokaa. Rulema iliyochoka inafanya vilevile.

Shida ya remorki ni kwamba dereva haisikii. Mpira wa mbele ukilegea, usukani unamwambia. Wa remorki ukilegea, hakuna kinachomwambia. Kwenye mipira miwili iliyo pamoja, mmoja unaweza kuwa umekwisha kupoteza upepo wote, na mwenzake akabeba peke yake hadi atakapochoka.

Hesabu ya mguu mmoja

Ubavuni mwa kila mpira kuna nambari za mzigo. Kwa mfano, mpira wa 315/80 R22.5 ulioandikwa 156/150 unaruhusiwa kubeba kilo 4,000 ukiwa peke yake, na kilo 3,350 ukiwa na mwenzake. Nambari hizo si mapambo.

Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka tani 56 kuwa uzito wa mwisho kwa gari zima na mzigo wake. Tuseme esiyo tatu za remorki zinabeba tani 24. Kwa mipira kumi na miwili, kila mmoja unabeba tani 2, na kuna nafasi ya kutosha. Sasa tuseme mwenye mzigo ameongeza mifuko hadi esiyo hizo zinabeba tani 40. Kila mpira unabeba zaidi ya kilo 3,300: uko ukingoni. Toa mmoja, uendelee na mguu mmoja, na uliobaki unaweza kubebeshwa zaidi ya kilo 6,600. Hakuna mpira wa aina hiyo uliotengenezwa kwa kazi kama hiyo.

Ndiyo maana mpira wa pili unafuata wa kwanza. Hata ule ambao haukupasuka umeumia. Ukiutia mwenzake mpya na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, umepanga mpasuko wa safari ijayo. Mpira uliobeba mzigo wa wawili unapaswa kutolewa kwenye janti na kuangaliwa ndani.

Usitupe mpira uliokufa kabla ya kuusoma

Mpira uliopasuka unaeleza ulivyokufa, kama mtu atachukua dakika tano kuuangalia.

Ukiwa umeliwa pande zote mbili za kukanyagia huku katikati kuko kuzima, na ndani kuna unga mweusi wa raba, ulikuwa unatembea bila upepo wa kutosha. Ukiwa umeliwa katikati tu, upepo ulizidi. Ukiwa umeliwa upande mmoja, esiyo haiko sawa: imepinda, au vishikizo vyake vimelegea. Hapo unaweza kununua mipira kila mwezi na itaendelea kuisha. Ukiwa umepasuka kwa umbo la msalaba au nyota, ulipigwa na jiwe au shimo. Na mdomo wake ukiwa umeungua na kuwa mgumu, kagua freni kabla ya kufunga mwingine.

Kuna pia umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna nambari nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mipira mingi ya okazyo inapakwa dawa nyeusi na kung'aa kama mipya, lakini nambari hizo hazidanganyi. Kampuni ya Michelin, kwa mfano, inashauri mpira utolewe ukifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama bado una meno. Kabla ya kutoa pesa, piga magoti, futa vumbi, soma.

Upepo unapimwa asubuhi, tena kwa kipimo

Tunajua sote namna konvoyeri anavyopima mipira: anapiga kila mmoja kwa chuma na kusikiliza. Njia hiyo inaonyesha mpira ulioishiwa kabisa. Haiwezi kutofautisha kilo 8 na kilo 6, na tofauti hiyo ndiyo inayoua.

Kipimo cha upepo kinatumika mpira ukiwa baridi, kabla ya safari. Mipira mingi ya malori inahitaji kilo 8 hivi au zaidi kidogo, kufatana na aina yake na mzigo. Ubavuni imeandikwa mara nyingi kwa PSI, na PSI 120 ni karibu kilo 8.3. Gari likitembea, upepo unapata joto na kipimo kinapanda. Joto la ndani likiongezeka kwa digrii 30, unaweza kuona karibu kilo moja zaidi. Dereva anayesimama katika joto la bonde la Semuliki, anapima, anaogopa, na kupunguza upepo, anafanya kosa: mpira ukipoa utakuwa chini ya kiwango, na safari inayofuata itaanza vibaya.

Wengi wanangojea lami kama dawa ya kila kitu. Kazi za barabara ya Kasindi–Beni–Butembo zilizinduliwa mwezi wa Juni 2021 chini ya mapatano kati ya Uganda na Kongo, na kila mtu anayepita hapa anajua faida ya barabara nzuri. Lakini lami inaruhusu mwendo, na mwendo unaongeza joto. Mpira mlegevu ambao kwenye matope ulivumilia kilometa 20 kwa saa hautavumilia 80.

Maisha ya kwado pia

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Mpira wa lori uliotembea bila upepo wa kutosha unaweza kukatika nyuzi zake za chuma ubavuni bila kuonekana. Kwado anaufunga, anajaza upepo, na mpira unafunguka ghafula mbele ya uso wake. Nguvu yake inaweza kuua mtu.

Kanuni ya kazi hiyo inasema hivi: mpira uliotembea ukiwa umepungua asilimia 20 au zaidi ya upepo wake, yaani wa kilo 8 ukashuka chini ya kilo 6.4, usijazwe tena kabla ya kutolewa kwenye janti na kukaguliwa ndani na nje. Unapojazwa, uwe ndani ya kizimba cha chuma, mrija wa upepo uwe mrefu na wenye kushika wenyewe, na kwado asimame kando, si mbele ya ubavu. Ukisikia sauti ya kupasuka-pasuka ndani, ondoka, usiendelee kujaza. Zile janti za zamani zenye pete ya chuma zinataka uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu pete ikiruka inapiga kama risasi.

Mtoto anayejifunza kazi hiyo kando ya barabara hapaswi kuketi juu ya mpira unaojazwa. Tunaona jambo hilo kila siku, na tunapita.

Mlio ukisikika

Mpira wa remorki ukipasuka njiani, usikanyage freni kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, lishike gari katika mstari wake, ondoa mguu kwenye gesi polepole, liache lipunguze mwendo lenyewe, kisha utafute mahali panapoonekana kutoka mbali. Weka alama mbele na nyuma, zuia magurudumu kabla ya kutia kriki.

Na mkimaliza, ondoeni mawe na matawi mliyoweka barabarani. Lori linaondoka, mawe yanabaki, na usiku wa piki-piki unakuja. Dereva hatajua kamwe nani aliyeanguka juu ya jiwe lake.

Sisi tulilala kando ya barabara. Asubuhi kwado mzee alilegeza freni ile mpaka gurudumu likazunguka kwa mkono, akafunga mipira miwili iliyotumwa kutoka Beni, akamwambia dereva asipite Butembo bila kuitengeneza kabisa. Kabla ya kuondoka, alimpa konvoyeri shauri ambalo halikugharimu hata franka moja: anunue daftari la shule, achore mipira yote ya gari na remorki, na kila mpira ukipasuka aandike tarehe, mahali, na ni gurudumu gani.

Tulifika Butembo mchana, bila mlio mwingine. Tungekuwa na daftari hilo tangu Kasindi, tungepoteza mpira mmoja, si mitatu, na tusingemaliza siku tukihesabu dakika porini.