Sifa ya Muuzaji Asiyeonekana: Imani na Malalamiko katika Uuzaji wa Sarafu Kuukuu Mtandaoni

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilitungwa na watu waliokwenda sokoni kwa miguu. Mnunuzi wa nafaka aliweza kuichota kwa kiganja, akainusa na hata kuitafuna. Mnunuzi wa ng'ombe alimfunua mnyama kinywa akayatazama meno. Mtandaoni mambo hayaendi hivyo. Chema na kibaya vyote huonekana kama picha ndogo kwenye kioo cha simu, na yamkini kibaya ndicho kilichopigwa picha nzuri zaidi. Makala haya yananuia kueleza jinsi imani inavyojengeka na kubomoka baina ya watu wasioonana, hasa wanaouziana vitu vya uraibu, yaani vile ambavyo mtu havinunui kwa kuvihitaji bali kwa kuvipenda: stempu, kadi za posta za zamani, sarafu kuukuu na kadhalika.

Tumchukue mkaazi mmoja wa Merigi, Bomet Mashariki, awe mfano wetu. Yeye ni wa kubuni, ila hali yake si ya kubuni. Nyumbani kwao mna mkebe wa sarafu ulioachwa na babu: senti kumi zenye tundu katikati na shilingi zenye picha ya simba, zote za enzi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka wa 1919. Jirani hatazitaka, kwani hazinunui hata kiberiti. Wanaozitaka ni wakusanyaji walioko Nairobi, Mombasa na ng'ambo, ambao hawamjui wala hawajui Merigi iko wapi.

Hata hivyo, mtu wa Merigi si mgeni wa biashara ya namna hii, ingawa huenda hajaitazama hivyo. Majani ya chai anayoyachuma huyapeleka kwenye kituo cha kununulia, yakapimwa, akapewa stakabadhi. Kisha huenda kiwandani, na chai iliyosindikwa ikafikishwa kwenye mnada wa Mombasa. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka wa 1969. Pakistani imekuwa mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya kwa miaka mingi, na mfanyabiashara wa Karachi hana haja ya kulikanyaga shamba lolote la Bomet. Anachokitegemea ni sampuli iliyoonjwa kabla ya mnada na alama ya kiwanda iliyoandikwa kwenye mfuko. Kiwanda kikipokea majani magumu, alama yake hushuka machoni pa wanunuzi, na hata mkulima aliyechuma majani mawili na chipukizi huumia pamoja na wazembe. Muuzaji wetu wa sarafu hana mwonjaji wala kiwanda. Maelezo yake ndiyo sampuli, na jina lake ndilo alama.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kusema. Wakusanyaji wa Marekani hutumia kipimo kilichobuniwa na William Sheldon mwaka wa 1949, ambacho huipa sarafu alama kuanzia 1 hadi 70 kulingana na ilivyochakaa. Kiswahili hakina kipimo kama hicho kilichozoeleka miongoni mwa wauzaji. Aghalabu utakuta "safi kabisa", "kama mpya" au "bado iko sawa". Tazama neno "safi". Muuzaji ameisugua shilingi kwa majivu na ndimu hadi ikang'aa, akaandika "safi kabisa", na kwa kipimo cha jikoni amesema kweli. Mkusanyaji naye hupenda ule weusi ulioletwa na miaka, na sarafu iliyosuguliwa humpotezea thamani kwa sababu ina mikwaruzo midogo isiyofutika. Kwake yeye, "safi" ni ile ambayo haijaguswa. Watu wawili waaminifu wamegombana kwa sababu ya kivumishi kimoja.

Ndiyo maana tunapendekeza sifa za kusifu ziachwe na mahali pake pawekwe mambo yanayoweza kukaguliwa: mwaka uliochapwa, maandishi yanayosomeka na yaliyofutika, kasoro iko upande upi, na iwapo sarafu imewahi kusuguliwa. Picha ziwe za pande zote mbili, na rula iwekwe kando. Mwaka hasa si wa kupuuzwa. Shilingi za Afrika Mashariki za kati ya 1921 na 1946 zilichanganywa na fedha kiasi cha robo, ilhali zile za kuanzia 1948 hazina fedha. Vivyo hivyo, senti kumi ya mwaka wa 1936 yenye jina la mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwaka huo huo, huwavutia wengi kwa kisa chake; lakini zilichapwa kwa wingi, na anayeitangaza kuwa adimu atasahihishwa hadharani na mkusanyaji wa kwanza atakayepita. Kuikiri kasoro mapema hupunguza bei kidogo. Kasoro iyo hiyo ikigunduliwa na mnunuzi hupunguza jina.

Je, jina lina thamani inayohesabika? Kampuni ya eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1995, iliwawezesha watu kutathminiana kuanzia mwaka uliofuata. Mwaka wa 2006 Paul Resnick na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambapo muuzaji mzoefu aliuza kadi za posta za zamani kwa jina lake lililojulikana, na nyingine zinazofanana nazo kwa majina mapya. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa lile jina la zamani. Kadi zilikuwa sawa. Kilicholipiwa ni historia ya mwenye kuziuza. Lakini tathmini nazo zina ugonjwa wake. Kwa muda mrefu muuzaji aliyepewa alama mbaya aliweza kulipiza kisasi kwa kumpa mnunuzi alama mbaya, hivyo wengi wakanyamaza. Mwaka wa 2008 eBay iliwaondolea wauzaji uwezo huo.

Kwetu hali ni tofauti kidogo. Wauzaji wadogo wengi hutumia makundi ya Facebook na WhatsApp, ambako hamna hesabu ya nyota. Sifa hukaa katika kumbukumbu za wanakundi, na anayebadilisha jina au nambari ya simu huanza upya. Lalamiko hutolewa mbele ya kadamnasi. Biashara haigombi, walisema wazee, na jibu la kwanza husomwa na watu wengi kuliko tangazo lenyewe. Muuzaji na aombe picha ya kilichofika kabla ya kujitetea. Ikiwa maelezo yake yalikosea, sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inadai kuwa kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Arudishe pesa pamoja na nauli ya kifurushi, bila kuvutana. Ikiwa sarafu iliharibika njiani, picha alizopiga kabla ya kuifunga ndizo zitakazomsemea. Ikiwa mnunuzi amejuta tu, muuzaji halazimiki kitu, japo kwa maoni yangu kuirudisha sarafu ya shilingi mia tatu ni nafuu kuliko mjadala wa siku mbili.

Linabaki swali la nani atangulie, mwenye pesa au mwenye mali. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilifupisha safari ya pesa bila kulimaliza swali hili. Mnunuzi huliona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, basi jina la tangazo na la simu yalingane. Muuzaji naye atazame salio lake mwenyewe, kwani ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa na kutumwa kutoka nambari ya kawaida. Njia ya kati ni arubuni: mnunuzi hutanguliza sehemu ya bei, kifurushi hupakiwa kwenye matatu ya kwenda Nairobi, naye hukifungua ofisini mwa chama cha matatu mbele ya karani, akailinganisha sarafu na picha zilizo katika simu yake, kisha akatuma salio la bei kabla ya kuondoka nayo.