Tyubu ya Siku Kumi

Tyubu ya dawa ya mswaki ya gramu 100 ilikuwa inamalizika nyumbani kwetu kila baada ya siku kumi. Tunaoitumia tuko watano: mume wangu na mimi, binti yetu wa miaka 14, mdogo wake wa kiume wa miaka tisa, na kitindamimba wa miaka minne. Wa sita ni mama mkwe, ila yeye na tyubu ni mbalimbali. Tangu utoto wake Pangani anatumia mswaki wa mti, na meno yake ya mbele anayo yote. Kwa hiyo kila mwezi nilikuwa nanunua tyubu tatu, kila moja shilingi 3,000 kwa muuza duka wetu hapa Tanga, na sikuwahi kukaa chini nikajiuliza hela hiyo inafanya kazi gani kinywani, mpaka gego la mtoto wa kati lilipotoboka.

Doa jeusi tulikuwa tumeliona. Tukasema ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Halikuwa la utoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hatujui hata kama limefika. Lile tulilolidharau ndilo alilopewa alitumie mpaka uzeeni. Daktari alitupa njia mbili: kuling'oa kwa shilingi 20,000, au kusafisha mzizi na kuliziba kwa 200,000, na kurudi kwake mara tatu. Tukachagua kuliokoa. Jioni ile nilitoa risiti kwenye mkoba, nikaiweka mezani kando ya tyubu iliyominywa ikabaki bapa, na nikaamua kupiga hesabu ya kinywa cha nyumba yetu kama ninavyopiga ya unga na mafuta.

Nilianzia kwa sonara. Mizani ya jikoni haioni vitu vidogo hivyo, basi nilibeba tyubu mpya na mswaki hadi kwa sonara mmoja tunayefahamiana sokoni. Akaweka kipande cha karatasi kwenye mizani yake, akakirudisha kwenye sifuri, akaniambia, "Haya dada, weka." Niliminya kwanza mstari mzima, kutoka ncha ya mswaki hadi shingoni, wenye kile kimkia kilichopinda juu kama picha ya kwenye boksi. Gramu moja na nukta kidogo. Kisha nikaminya kiasi cha punje ya njegere. Robo gramu.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Watu watano, mara mbili kwa siku, ni mara kumi. Kila mtu akijaza mswaki, gramu kumi zinakwenda kwa siku, na tyubu inakata roho siku ya kumi. Kwa mwaka ni zaidi ya tyubu 36, takriban shilingi 109,500. Sasa mtoto wa miaka mitatu hadi sita anahitaji kiasi cha njegere tu, na aliye chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele. Sisi wakubwa nusu ya mswaki inatutosha kabisa. Nikaweka nusu gramu kwa kila mkubwa, binti akiwamo, na robo kwa wadogo wawili. Zikawa gramu nne kwa siku. Tyubu ileile inafika siku ya 25, na bili ya mwaka inashuka hadi 43,800. Tulikuwa tunatema kwenye beseni shilingi 65,700 kila mwaka, kwa sababu ya picha ya kwenye boksi.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mume wangu, kwamba povu halijai. Povu hutokana na kiungo kilekile cha jamii ya sabuni kinachotiwa kwenye shampuu, na halizuii jino kuoza. Kinachozuia ni madini ya floridi. Kila tunapokunywa chai ya sukari au soda, vijidudu vya kwenye ukoga hula ile sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huchomoa madini kwenye gamba gumu la nje la jino. Mate hujitahidi kuyarudisha. Floridi ikiwapo, madini hurudi haraka, na gamba linalojengeka linastahimili asidi kuliko la awali. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2003 ulionyesha kuwa dawa ya mswaki yenye floridi hupunguza kuoza kwa meno ya kudumu ya watoto kwa wastani wa asilimia 24 ikilinganishwa na isiyo nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, orodha moja na dawa za malaria na insulini.

Kwa hiyo dukani mimi sasa sisomi upande wa mbele wa boksi. Nageuza nyuma, kwenye maandishi madogo, natafuta floridi na kiwango chake. Kinachofaa ni kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu 1,000 hadi 1,500 za floridi katika kila milioni. Tyubu nyingine huandika asilimia badala yake: sodium fluoride ya asilimia 0.32 ni sawa na ppm 1,450, na sodium monofluorophosphate ya asilimia 0.76 ni kama 1,000. Nililinganisha tyubu nne za duka moja. Ya bei ya chini kabisa, shilingi 2,500, na ya juu kabisa, 9,000, zilikuwa na kiwango kimoja cha floridi. Tofauti ya 6,500 ilikuwa kwenye ladha, rangi, na ahadi ya weupe. Dawa za meno yanayokufa ganzi kwa baridi ni habari nyingine. Zile zina kitu cha ziada cha kutuliza mishipa, na mwenye tatizo hilo hatupi hela akizinunua.

Tazama pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Floridi ya baadhi ya dawa, hasa zilizotengenezwa kwa chokaa, hupungua nguvu zikikaa muda mrefu kwenye joto, na tyubu iliyoanikwa juani mbele ya duka ninaiacha hapohapo. Lakini ule mstari wa rangi chini ya tyubu, unaosambazwa kwenye simu kwamba kijani ni asili tupu na nyeusi ni kemikali tupu, hauna maana hiyo kabisa. Ni alama inayosomwa na mashine kiwandani ili ijue pa kukata na kufunga. Shangazi yangu alishawahi kuzunguka maduka matatu akitafuta mstari wa kijani, akarudi na dawa isiyo na floridi hata chembe.

Nikafika kwa mama mkwe, na hapo hesabu ilinishangaza. Mti wenyewe, ule unaoota kwenye ardhi kavu karibu na pwani, unaitwa mswaki, jina lilelile la hiki kifaa cha plastiki. Wataalamu huuita Salvadora persica. Mama hununua kijiti cha shilingi 500 nje ya msikiti kila Ijumaa. Humenya ganda kiasi cha ukucha mmoja, hutafuna ncha mpaka nyuzi zifunguke, kisha husugua taratibu, jino kwa jino, akitoka kwenye ufizi kuelekea nchani, na huku anaongea na kuku wake uani. Kila baada ya siku mbili hukata ncha iliyochoka na kufungua mpya. Ukiutazama mkono wake unaona mwendo wa mtu asiye na haraka. Sisi wengine, nilitupima kwa saa ya simu, tulikuwa tunasugua kwa sekunde arobaini wakati zinatakiwa dakika mbili.

Kijiti chake kinafanya kazi. Kinaondoa ukoga, na kina viambata vya asili vinavyowapunguza vijidudu. Ila floridi iliyomo ni kidogo mno kulinganisha na ya dawa. Na kwa mtu wa mjini si cha bei nafuu kama tunavyodhani: vijiti 52 kwa mwaka ni shilingi 26,000. Mimi natumia miswaki minne ya 1,500, ambayo ni 6,000, na dawa ya gramu moja kwa siku, kama 10,950. Jumla 16,950. Nilimsomea mama karatasi yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, Pangani mti tulikuwa tunakata bure. Na swala yangu je, utaipigia hesabu gani?" Sikuwa na jibu, na wala halikuhitajika. Tulikubaliana kitu kimoja tu: usiku, kabla ya kulala, anapaka dawa ya tyubu kidogo kwenye mswaki laini. Mchana kutwa kijiti chake ni kile kile. Kwa aliye kijijini, mti uko nyuma ya nyumba na duka liko mbali, kijiti ni chaguo zuri kabisa, mradi asisugue kwa nguvu kwenda kushoto na kulia, maana hivyo ndivyo fizi zinavyopanda na kuacha mizizi wazi.

Onyo hilo la fizi linawahusu na wenye plastiki. Dukani kwetu mswaki mgumu unauzwa 500 na laini 1,500, na watu wanaamini mgumu unasafisha zaidi kama brashi ya kufulia. Jino si kola ya shati. Nyuzi laini huinama na kuingia pale jino linapokutana na ufizi, ambapo ukoga hujificha. Ngumu hupita juu na kukwangua. Kwa watu watano, miswaki laini minne kila mmoja kwa mwaka ni shilingi 30,000. Ile hela tuliyookoa kwenye povu inanunua miswaki hiyo mara mbili na chenji inabaki.

Binti yangu alitaka dawa ya mkaa, nyeusi tii, 8,000 kwa kikopo kidogo. Nilimkatalia, na ningemkatalia hata ingekuwa ya bure. Mkaa hukwangua. Weupe unaopatikana ni wa madoa ya juu, na gamba la jino likishalika halioti tena. Chini yake kuna tabaka la manjano, kwa hiyo anayekwangua ili meno yawe meupe anajichimbia umanjano. Nyingi ya dawa hizo hazina floridi. Chumvi na majivu ya babu zetu nayo hayana.

Wifi yangu anaishi Usa River, na kwake swali linageuka. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Kilimanjaro yana floridi kupita kiasi, wakati kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wa huko huota meno ya kahawia, na yeye alikuwa ameitupa dawa yenye floridi akiogopa kuongeza. Nilimweleza kama nilivyoelezwa: kinachotia rangi ni floridi inayomezwa miaka ile meno yakiwa bado yanaumbwa ndani ya taya, hadi miaka minane hivi. Iliyopakwa juu ya jino na kutemwa inalilinda. Hela ya nyumba yake itangulie kwenye maji, yaani maji ya mvua ya kunywa na kupikia, au chujio la mkaa wa mifupa lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha makali kwa sababu maji hupungua na madini hubaki. Na magadi kwenye maharage ya watoto ayaache. Dawa aendelee nayo, punje ndogo, mtu mzima akiwa amesimama hapo kuhakikisha inatemwa.

Mswaki wa umeme niliukuta kwa 85,000, bila vichwa vya kubadilisha. Unasafisha vizuri zaidi kweli: uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2014, ulikuta ukoga umepungua kwa asilimia 21 zaidi ya mswaki wa mkono baada ya miezi mitatu. Kwa mzee ambaye vidole vimekakamaa, au mtoto mwenye ulemavu wa mikono, ningeutafutia hela. Kwetu sisi wenye mikono mizima, saa ya simu ni bure. Maji ya kusukutulia ya 12,000 nimeyaacha rafuni. Uzi wa kusafishia katikati ya meno, 4,000, tunao, kwa sababu mswaki wa aina yoyote haupiti pale magego yanapobanana. Jino jingine la mtoto wetu wa kati lilionekana kuanza kuoza hapohapo.

Lililokuwa gumu kubadilisha halikuwa na bei. Wote tulizoea kusukutua kwa maji kikombe kizima baada ya mswaki, na kwa kufanya hivyo tunaiosha floridi tuliyoinunua kabla haijakaa kwenye jino. Sasa tunatema tu. Wiki ya kwanza kila mtu alikunja uso. Kitindamimba namlaza kichwa mapajani kwangu kila usiku, namfungua mdomo chini ya taa, naanza na magego ya nyuma, upande wa kulia juu, nikihesabu kwa sauti mpaka 120. Nikifika 100 naye huanza kuhesabu pamoja nami, mdomo wazi, maneno yakitoka kama mtu aliye chini ya maji. Mwakani gego lake la kwanza la kudumu linaweza kuanza kuchungulia, na kila nikimlaza napapasa kwa kidole nyuma ya lile la mwisho kuona kama limefika.