Je, Wajua? Muuza Chai Aliyetajwa kwa Mafumbo

Je, wajua kuwa serikali ya Japani iliwahi kukataza picha zisimtaje kwa jina msichana wa mkahawa?

Katika miaka ya 1790, wakazi wa Edo, ambayo leo ni Tokyo, walipenda mno picha zilizochapwa kwa vibao vya mti wa mcheri. Bingwa wa kuchora wanawake alikuwa Kitagawa Utamaro. Hakuishia kwa makahaba maarufu wa jiji. Alimchora pia Okita, binti aliyewahudumia wateja katika duka la chai la Naniwaya, karibu na hekalu la Sensoji, Asakusa. Picha hizo zilimpa Okita umaarufu mkubwa.

Mwaka 1793 amri ikatoka: picha zisitaje majina ya wanawake, isipokuwa makahaba. Utamaro akatafuta njia. Kwenye kona ya juu ya picha aliweka michoro midogo, ukiwemo mshale, ambao kwa Kijapani ni ya. Bahari ya mbali na pwani, oki. Na shamba la mpunga, ta. Ukiitamka michoro yote kwa mfuatano, pamoja na ile ya mwanzo inayosomeka Naniwa, unapata Naniwaya Okita. Ujanja wa kupendeza kweli! Mwaka 1796 mafumbo hayo nayo yakapigwa marufuku.

Sifa zote, hata hivyo, si za Utamaro peke yake. Zile nywele za Okita zinazoota penye paji la uso, nyembamba kama uzi wa buibui, zilichongwa kwenye mti na fundi mwingine, na mchapaji akapaka kila rangi kwa kibao chake.