Usiilaumu redio, kilaumu chumba

Wiki hii nina kisa cha mjomba wangu wa Msimbati, jirani na mlango wa Mto Ruvuma. Mzee ameacha bahari, lakini wanawe wangali wanavua, naye ndiye sikio la nyumba. Kila jioni husikiliza redioni utabiri wa hali ya bahari, kisha huwaambia vijana watoke au wakae.

Siku moja alisikia kwamba upepo mkali ungeanza saa tisa. Kumbe mtangazaji alisema saa sita. Vijana walirudi salama, lakini ngalawa ilijaa maji. Mzee akailaumu redio, akanunua spika kubwa, akaongeza sauti. Mambo yakazidi kuharibika.

Nilipokwenda kumwamkia, nilipiga kofi moja katikati ya sebule. Mlio ukabaki ukivuma. Nikamwambia, "Mjomba, redio haina kosa. Kosa ni la chumba." Akanijibu, "Mpwa wangu, nyumba hii nimejenga kwa jasho!"

Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti. Sauti ilinyonywa na makuti, nyingine ikatokea kwenye matundu. Hii mpya ni ya matofali ya saruji, plasta laini, marumaru sakafuni na vioo madirishani. Vitu vigumu huirudisha sauti kama ukuta urudishavyo mpira. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Basi katika chumba cha mita 4 hugonga ukuta huu na ule zaidi ya mara 80 kwa sekunde moja. Irabu ndizo zenye nguvu, na mabaki yake hufunika konsonanti zinazofuata. "Sita" na "tisa" zina herufi zilezile. Ukizikosa s na t, unabaki na i na a tu. Ukiongeza sauti, mvumo nao unaongezeka.

Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi ambamo sauti ilivuma zaidi ya sekunde 5. Mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, alileta mito ya viti kutoka ukumbi mwingine. Kila alipoongeza mito, mvumo ulipungua. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa maana sauti ikishatoka nje hairudi.

Nasi tukaanza na madirisha: tukayafungua, bila gharama. Tukatandika zulia zito. Tukachukua magunia matupu ya korosho, tukayakunja tabaka nne, tukayatundika mbali kidogo na ukuta unaotazamana na redio, na mbali na koroboi. Redio tukaiondoa kwenye kona, kwa kuwa kona hukuza besi. Kiti cha mzee tukakisogeza karibu nayo. Trei za mayai wanazobandika vijana hazisaidii sana, na hushika moto upesi.

Nikapiga kofi tena. Mlio ukafa palepale. Mzee akapunguza sauti mwenyewe.

Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoelekea kaskazini mwa Msumbiji, wakazi wa Mtwara walitahadharishwa. Siku kama ile, tofauti ya sita na tisa ni roho ya mtu. Leo jioni, kabla hujaenda dukani kutafuta spika, piga kofi sebuleni kwako, usikilize.