Kompyuta Isiyowaka: Tupime Kabla ya Kuhukumu

Huko Mumosho, karibu na Bukavu, mto Ruzizi washuka kwa nguvu kutoka ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Hapo lilijengwa bwawa la Ruzizi ya Pili, lililoanza kutoa umeme mwaka 1989 kwa faida ya Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini kukaa karibu na kisima si kuwa na maji mtungini kila siku: katika nyumba zetu umeme huja na kutoweka.

Jioni moja tuliitwa kwa jirani yetu. Baba huyo hujipatia karo ya watoto wake kwa kuwaandikia watu barua kwa kompyuta ya mezani. Siku ile alibonyeza kitufe, mashini ikakaa kimya, bila taa wala sauti. Ndani yake mlikuwa na barua ya mjane mmoja juu ya shamba lake, nayo ilitakiwa mahakamani kesho yake. Mtoto wake wa miaka 12 ndiye aliyeigusa mwisho. Fimbo ilikuwa imekwisha wekwa mezani.

“Mwalimu, huyu ameiua,” alisema.

Tukamjibu: “Baba, hata mshitakiwa husikilizwa. Tuipime kwanza.”

Basi tulianza mbali, tukakaribia polepole. Tulichomeka taa katika prizi ya ukutani: ikawaka. Tukaichomeka katika waya wa kuongezea: ikawaka tena. Tukaazima waya wa mashini ya kupigia chapa, ambao ni sawa na ule wa kompyuta: bado kimya. Tukatazama nyuma ya kompyuta. Swichi ndogo ilikuwa upande wa alama I, yaani wazi; ingalikuwa upande wa O, umeme usingalipita. Kitufe kingine kilionyesha 230, nacho chafaa kwa umeme wetu wa volti 220. Kikiwekwa 115, kompyuta huungua mara moja.

Kisha tuliondoa waya, tukashikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika ili umeme uliobaki utoke. Tukafungua ubavu wa mashini, tukapangusa vumbi, tukakaza viunganishi vyote. Tulipoirudishia umeme, hapakuwa na mabadiliko.

Hapo tukamwita mtoto. Akasema kwa machozi: “Usiku umeme uliporudi, taa iliwaka sana kuliko kawaida, kisha kompyuta ikalia kidogo ikazimika. Nilisema, lakini hakuna aliyenisikiliza.”

Kumbe ushahidi ulikuwa nyumbani tangu asubuhi! Katika kompyuta mna kisanduku cha chuma kinachopokea umeme mkali wa ukutani na kuugeuza kuwa mdogo, wa volti 12, 5 na 3.3. Umeme ukirudi kwa kishindo, mara nyingi hicho ndicho hufa kwanza. Shemeji yake baba alikuwa na kompyuta nzee yenye kisanduku cha aina ile ile. Tulikihamisha, tukabonyeza kitufe: feni ikazunguka, kioo kikaangaza. Barua ya mjane ilikuwa salama, kwa maana maandishi hukaa katika diski, si katika kisanduku cha umeme.

Baba aliitazama fimbo, akaitupa nje. Kisha akamwomba mtoto wake msamaha mbele yetu. Twasema wazi: jambo hilo lilitufurahisha kuliko mwanga wa kioo.

Ndugu wazazi, shikeni haya. Umeme ukikatika, chomoeni waya wa kompyuta ukutani. Umeme ukirudi, ngojeni dakika chache mpaka utulie. Mwenye uwezo anunue kifaa cha kusawazisha umeme. Barua za thamani ziwekwe pia mahali pa pili. Wala msikifungue kamwe kisanduku chenyewe, hata waya ukiwa umeondolewa: ndani yake hubaki umeme uwezao kuua, mpeni fundi. Na feni zikizunguka lakini kioo kikabaki cheusi, huo ni ugonjwa mwingine, si wa kisanduku hicho tu.

Fundi mwema hulaumu kitu baada ya kukipima. Mzazi mwema naye asifanye pungufu kwa mtoto aliyekabidhiwa na Mungu.